Wazee wa Santuri wa Nairobi

Leo nataka kuwasimulia safari yangu ya Nairobi. Sikwenda kutazama majumba marefu wala kununua bidhaa. Nilikwenda nimebeba santuri moja ndogo, nimeizungushia kanga na kuibana katikati ya vibao viwili isipate kupinda.

Ndani ya santuri ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yetu. Mwaka 1968 kwaya ya parokia yetu, huku chini ya Mlima Kilimanjaro, ilikwenda Nairobi kuimba mbele ya mashine, maana siku zile nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zilitiwa katika santuri huko. Mama alikuwa mmoja wa waimbaji, tena ubeti mmoja aliuimba peke yake. Miaka miwili baadaye alifariki, akamwacha kitinda mimba wetu ana mwaka mmoja tu. Dada yetu huyo hakupata kuijua sauti ya mama. Sisi wakubwa tuliijua, na sisi ndio tulioiharibu.

Sina budi kuungama. Baba alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo kwa mkono, iliyotengenezwa kwa santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Santuri ya mama ni ya mizunguko 45. Baba akienda shambani, mimi na kaka yangu tuliiweka juu ya gramafoni ile. Nyimbo zilikimbia, sauti zikawa kama za vifaranga, nasi tukacheka hata kugaagaa chini. Hatukujua kwamba kichwa cha gramafoni ya namna ile, chenye sindano ya chuma, hulemea gramu mia na zaidi, hali mashine za baadaye hulemea gramu mbili hivi. Sindano ilikuwa ikiilima sauti ya mama kama jembe. Siku baba alipoipeleka kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa na mashine iliyofaa, ikatoa kelele tupu kama mvua juu ya bati. Baba hakutupiga. Aliifuta vumbi, akaifungia sandukuni, wala hakusema neno. Afadhali angetupiga.

Mwaka huu mpwa wangu, anayefanya kazi Nairobi, aliniambia: "Mjomba, huku wapo wazee wanaokutana mara kwa mara kulinganisha mashine zao za santuri. Ilete hiyo ya bibi." Basi nikafunga safari.

Kutoka Arusha basi lilipita chini ya mlima Longido, katika nchi kavu ya Wamasai na ng'ombe wao, hata tukafika mpakani Namanga. Hapo tulishuka na kugongewa mihuri, kisha tukaendelea yapata kilometa 160, tukipita Kajiado na Kitengela. Kila basi liliporuka shimo, nilishika kifurushi changu kama mtu aliyebeba mayai.

Asubuhi mpwa wangu alinipeleka Soko la Kenyatta, karibu na hospitali kuu yenye jina hilo hilo. Ni soko la ajabu. Huku moshi wa nyama choma, huku wasusi wakiwaita akina mama waje kusukwa, huku vyerehani vikilia. Katikati ya zogo lile kuna mahali panapouzwa santuri za zamani, zimepangwa wima kama vitabu: za Kongo, za Tanzania, za Kenya, za Ulaya na Marekani. Hapo ndipo wapenda santuri wengi wa mji ule hujuana.

Alasiri tukaenda nyumbani kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Tulikuta wazee saba na vijana wawili, na mezani mashine tatu. Kwanza nilidhani mashine ni mashine tu, kazi yake kuzungusha sahani. Kumbe kuna mambo! Ya kwanza, Garrard ya Uingereza, sahani yake huzungushwa na gurudumu dogo la mpira. Ya pili, Thorens ya Uswisi, huzungushwa kwa mkanda, ili mtetemo wa mota usiifikie sindano. Ya tatu, Technics ya Japani, ya aina iliyotoka mwaka 1972, haina mkanda wala gurudumu. Mota yenyewe imekaa chini ya sahani na kuizungusha moja kwa moja.

Mwenye Thorens, mwalimu mstaafu, alikuwa hodari wa kujisifu. "Sindano yangu ni ya almasi, imechongwa nyembamba kuliko zenu zote," alisema. "Hiyo ya Japani waachieni vijana wa disko."

Mwenye nyumba akacheka, akasema, "Mwalimu, macho yana upendeleo. Tusikilize kwa masikio." Akatundika shuka mbele ya meza, akaweka sheria. Santuri ni ile ile, spika ni zile zile, na mashine zote zipimwe zitoe sauti kwa ukubwa mmoja. Maana, alieleza, inayopiga kwa nguvu zaidi kidogo tu humdanganya msikilizaji aione ndiyo bora.

Santuri waliyochagua iliniondoa uchovu wa safari. Ilikuwa Missa Luba, Misa iliyotungwa Kamina, katika Katanga ya Kongo, na wavulana na walimu wao pamoja na Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Waliiimba mwaka 1958, kwa Kilatini lakini kwa sauti na ngoma za kwao, na santuri yake ikazunguka dunia nzima. Tulisikiliza Kyrie mara tatu, kila mara kwa mashine nyingine, bila kujua ni ipi. Mara moja niliona ngoma zimekuwa nzito, mara nyingine sauti za watoto zimekaa mbalimbali, kana kwamba naweza kuwahesabu. Tofauti ilikuwapo, ila ndogo kuliko maneno ya wazee.

Ikaja zamu ya kupiga kura. Mwalimu alisimama, akaisifu sana mashine ya pili: jinsi ilivyo tulivu, jinsi isivyoyumba. Shuka likaondolewa. Lo! Ya pili ilikuwa ile ya Japani. Watu walicheka hata machozi, na Mwalimu mwenyewe, nampa heshima yake, akacheka kuliko wote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndipo mpwa wangu akasema, "Wazee wangu, mjomba ana santuri yake." Nikaifungua kanga mikono ikitetemeka, nikawaeleza habari zote, hata ile ya vifaranga. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenye nyumba aliiinamisha penye mwanga, akaguna. Kwanza akaiosha kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri, si yale makali, pamoja na tone la sabuni. Aliisugua kwa brashi laini akifuata mzunguko wa mifuo, akailinda karatasi ya katikati isilowe. Ilipokauka akaiweka juu ya Garrard. Ikalia mvua ile ile juu ya bati. Nikajiambia, basi, safari yangu imekuwa bure.

Mwalimu akasogea. "Ngojeni," akasema. "Sindano ya gramafoni ya zamani ni nene, na mfuo wa santuri hii ni mwembamba. Mtu mnene hapiti mlango mwembamba. Imeharibu juu, lakini huenda chini haikufika. Sindano yangu ni nyembamba, itashuka chini zaidi." Kisha akamwomba mwenye nyumba aunganishe njia mbili za sauti ziwe moja. Alinieleza kwamba katika santuri za namna ile ya zamani sauti imechongwa kwa pembeni, kulia na kushoto, lakini uchafu na mikwaruzo huirusha sindano juu na chini pia. Njia mbili zikiunganishwa, ule mruko wa juu na chini hujifuta wenyewe, sauti ikabaki.

Sindano ikashuka. Mvua ikawa manyunyu. Nyuma ya manyunyu nikasikia kwaya ya kwetu, na wanaume wa besi ambao wote nimewazika. Kisha wakanyamaza, akaimba mwanamke mmoja.

Ndugu zangu, sikuwa nimeisikia sauti ile tangu utoto. Mahali pamoja mfuo ulikuwa umechimbika kabisa, neno moja likapotea, wala hakuna mashine itakayolirudisha. Neno hilo ni letu, mimi na kaka yangu. Lakini yaliyobaki yalisikika. Ilipokwisha wazee walikaa kimya, na Mwalimu akavua miwani yake akaifuta. Sindano aliyojivunia, ambayo haikumpa ushindi, ndiyo iliyofaa kazi ile. Tangu siku hiyo siulizi tena mashine ipi ni bora. Nauliza ni bora kwa kazi gani.

Wakanitilia nyimbo zile katika simu ya mpwa wangu. Nilipotaka kulipa, mwenye nyumba akasema, "Sauti hii ilitiwa Nairobi. Nairobi imeirudisha tu."

Niliporudi nyumbani nilimwita dada yangu, ambaye sasa ana wajukuu. Nikamwambia kwanza kosa letu, maana hatukuwahi kumwambia. Kisha nikampigia wimbo. Aliusikiliza ameshika shavu. Ulipokwisha akasema, "Rudia." Nikarudia mara nne. Mwisho akasema taratibu, "Kumbe nikiimba, naimba kama yeye." Hilo sisi wakubwa tulilijua miaka yote, wala hatukuwa na kitu cha kumwonyesha.

Wasomaji, huenda hata kwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna santuri za wazee. Msizitupe. Zisimamisheni wima, msizilaze kwa rundo. Ziwekeni mbali na jua na jiko, maana joto huzipinda. Zishikeni ukingoni, msiguse mifuo. Msizipige kwa gramafoni ya sindano ya chuma, isipokuwa zile nzito za zamani za mizunguko 78. Na kama mna mzee mwenye sauti nzuri, msingoje santuri. Simu ipo mfukoni. Mwombeni aimbe leo.