Wino Uliisha?

Mwaka wa pili pale Mlimani wenzangu wa chumbani walinipa jina la Bibi. Nilikuwa na miaka 22. Jina lilitokana na vitu vitatu vilivyokaa juu ya kabati langu: redio ya National yenye mfuko wa ngozi uliotoboka, albamu ya stempu, na bunda la kadi za salamu lililofungwa kwa mpira. Wao walikuwa na laptop moja waliyoizunguka usiku kutazama filamu za Kikorea, na Facebook ndiyo kwanza imepamba moto. Mimi nilikuwa dirishani nimefunga waya kwenye nondo, nageuza redio huku na huku natafuta Bonn.

Chumba kilikuwa cha watu wanne, tulilala saba. Aliyesoma Mlimani anajua kubebana ni nini, asiyesoma aelewe tu kwamba mwenye kitanda humkaribisha asiye na kitanda, na kitanda chenyewe ni cha futi mbili na nusu. Mimi nilikuwa nimebebwa. Mtu aliyebebwa hana haki ya kuwasha redio saa nne usiku, kwa hiyo nilisikiliza kwa sauti ya chini kabisa, sikio nimelibandika kwenye spika, kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni.

Bumu likitoka tulikula chipsi kuku siku mbili mfululizo kama wafanyakazi wa benki. Likichelewa, na lilichelewa sana, tulihamia kwenye wali maharage wa mama wa nje ya geti, kisha chai na andazi, kisha chai. Katika hesabu hizo zote mimi nilikuwa na fungu moja ambalo wenzangu hawakulielewa: betri nne kubwa na stempu. Betri zikianza kuchoka nilizianika juani dirishani, zikarudi na nguvu ya siku mbili tatu. Hilo nilifundishwa na baba.

Niseme habari za baba, maana bila yeye haya mambo yangu ya kizee hayaeleweki.

Baba alizaliwa 1952, alikuwa karani wa reli Tabora, na alikuwa mtuma salamu. Vijana wa sasa lazima waelezwe. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako, sanduku la posta na mahali ulipo, halafu majina ya watu unaowasalimu, na mwisho kabisa kulikuwa na mstari wa ujumbe. Ukaipeleka posta. Baada ya wiki moja, mbili, wakati mwingine mwezi, mtangazaji aliisoma hewani. Watuma salamu wa kweli walikuwa na majina ya kujibandika na walijuana nchi nzima bila kuonana. Baba alijiita Behewa la Mwisho, na salamu zake zilifungwa kwa maneno yale yale: na wengine wote waliobaki behewa la mwisho, wazipokee kwa mikono miwili. Mtaani Isevya watoto wenzangu waliniita Binti Behewa. Nililichukia jina lile mpaka nilipofika Dar es Salaam na kukuta hakuna anayelijua.

Kwa mtu wa umri wake redio za nje nazo zilikuwa kama ndugu. BBC ilianza Kiswahili mwaka 1957, Beijing 1961, Ujerumani 1963. Yaani zilikua pamoja naye. Tulikuwa na kalenda za kutoka Ujerumani ukutani, na stempu za albamu yangu zilianzia kwenye bahasha zake. Aliniwekea bahasha kwenye bakuli la maji, stempu ikajibandua yenyewe taratibu, nami nikaianika juu ya gazeti kuukuu. Ukiivuta kwa pupa inachanika meno, na stempu isiyo na meno haina thamani. Sikuwa na subira kwa jambo lingine lolote duniani, ila hilo.

Sasa, ugomvi. Mwaka 2009 matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, baba alitaka nisome ualimu. Hoja yake ilikuwa na mantiki, nakiri leo: mwalimu alipata mkopo kwa urahisi, mwalimu aliajiriwa, mwalimu hakufa njaa. Mimi nilijaza uandishi wa habari, na sikumwambia mpaka majina yalipotoka. Sijui kama kilichomuumiza zaidi ni uandishi au ni kule kutoambiwa. Hakunifokea. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwa mtu aliyezoea kusikiliza redio siku nzima ni jambo zito nyumbani. Mkopo wangu ulikuwa wa nusunusu. Iliyobaki aliilipa yeye, kila muhula, kwa wakati. Risiti ya benki ilikuja kwa basi ndani ya bahasha, bila hata mstari mmoja. Nikipiga simu nyumbani alipokea mama.

"Baba hajambo?"

"Yupo. Anakula."

Likizo nikienda ilikuwa shikamoo, marahaba, basi.

Sasa siku moja nikiwa mwaka wa kwanza, nimekaa kibandani kwa mlinzi wa hosteli yetu, mzee mmoja mpole aliyekuwa na kiredio chake kidogo, kipindi cha salamu cha redio ya taifa kikasoma kadi ya Behewa la Mwisho, Isevya, Tabora. Aliwasalimu watu watano. Mimi simo. Ujumbe: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kununua kadi. Kama ni mchezo, mimi nilikulia humo. Niliandika jina langu Binti Behewa, nikasalimia mama, shangazi, jirani wawili na mlinzi, na nikaandika ujumbe: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ilisomwa baada ya wiki tatu. Mama alinisimulia kwenye simu kwa sauti ya kunong'ona kwamba baba aliinuka, akaenda kusimama chini ya mwembe, akarudi, hakusema kitu. Mwezi uliofuata akajibu: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu wa reli, hajawahi kukanyaga jahazi! Nikamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye akaja na mchelea mwana kulia hulia yeye, na hiyo iliniuma, siku hiyo sikwenda kipindi cha saa nane.

Tukaendelea hivyo mwaka na zaidi. Mara nyingine kadi zilipishana njiani kama treni za reli ya kati, moja inasubiri stesheni nyingine ipite, kwa hiyo ulijibiwa jambo ulilolisema mwezi uliopita na wewe umeshahama. Tabora yote ilisikia. Nasikia kuna wazee waliokuwa wakikaa barazani wakisubiri zamu ya nani. Wapo wanaosema salamu za redio zilikuwa WhatsApp ya zamani, na mimi sikubaliani kabisa. Kwenye WhatsApp unaona alama kwamba mtu amesoma na kunyamaza. Kwenye kadi hujui kama alikuwa karibu na redio, au betri zilikufa, au alikwenda kunywa chai. Unaituma tu. Na inasikiwa na watu elfu ambao haiwahusu, jambo ambalo, ajabu, ndilo lililotupa adabu. Huwezi kumtukana baba yako mbele ya nchi nzima. Unatafuta methali.

Aprili 2011 mvua za masika zilikuwa zinanyesha vizuri, betri zangu zimekwisha, na hapakuwa na jua la kuzianika. Nilikuwa na hela ya kutosha jambo moja. Mwisho wa wiki kulikuwa na sherehe ya kuaga mwaka wa tatu, na kulikuwa na kijana fulani ambaye simkumbuki hata sura vizuri, jambo linalonifedhehesha zaidi. Nilikwenda kusuka nywele. Simu yangu ilikuwa ya tochi, haikuwa na redio.

Jumatano ile mchana nilikuwa nimekaa Mwenge kwenye kigoda, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi. Niliporudi jioni, nywele zinanivuta mpaka nyusi, mlinzi aliniita kutoka mbali.

"We binti! Leo mzee wako kakutaja."

Nikasimama kwenye mvua.

"Kakutaja wa kwanza. Kasema salamu zangu za kwanza zimwendee mwanangu, mwandishi wa habari, Chuo Kikuu Mlimani."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa fahari, kama kwamba aliandika yeye. Mwandishi wa habari. Bila hata kusema mtarajiwa.

"Na ujumbe, babu? Ujumbe kasemaje?"

Akajikuna kidevu. Wakati ule walikuwa wamekuja wageni getini, alikuwa anawaandikisha kitabuni. "Ilikuwa methali. Nzuri tu. Ilikuwa na maji ndani yake."

"Maji gani?"

"Maji. Maji maji hivi. Nitakumbuka."

Hakukumbuka. Usiku ule nilifungua daftari nikaandika methali zote za maji nilizozijua. Maji yakimwagika hayazoleki: maana yake yamekwisha, umeniharibia, ila nakusalimu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: maana yake endelea sasa, usirudi nyuma. Maji hufuata mkondo: maana yake mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Damu ni nzito kuliko maji: hiyo niliiandika mara mbili. Nilikuwa na baba wanne kwenye ukurasa mmoja na sikujua ni yupi aliyenisalimu. Wenzangu walikuwa wanatazama filamu. Mmoja akaniuliza, Bibi unasomea mtihani gani? Nikasema Fasihi Simulizi.

Mwaka ule ule, likizo ndefu, nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye kituo kimoja cha redio. Si kile kilichosoma kadi ya baba, lakini nacho kilipokea salamu, na nilipouliza kadi zikishasomwa zinakwenda wapi, mfanyakazi wa masijala alinionyesha gunia. Likijaa zinachomwa, akasema. Niliinamia lile gunia muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikisoma ujumbe wa watu nisiowajua.

Lakini kabla ya likizo hiyo ilibidi nijibu. Unamjibuje mtu ambaye hukumsikia? Nikijibu kwa ukali na yeye kasema la upole, nimeharibu. Nikijibu kwa upole na yeye kasema maji yamemwagika, nimejidhalilisha mbele ya Tabora. Nilinunua kadi, nikaandika jina, nikaandika salamu zangu zote zimwendee baba yangu mzazi, peke yake, na mstari wa ujumbe nikauacha wazi.

Ilisomwa Juni. Safari hii nilikuwepo, na betri mpya. Mtangazaji alifika mwisho akasita kidogo, akasema: ujumbe hakuandika. Akaweka wimbo.

Kesho yake asubuhi simu ya mama ikaita. Nikapokea, "Shikamoo mama."

"Marahaba," ikasema sauti ya baba. Kikapita kimya. Kisha akauliza: "Wino uliisha?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, ukiacha marahaba, tangu 2009. Nilisema ndiyo baba, uliisha. Akasema mvua huko zimewahi kukatika, mahindi hayajulikani, na paka amezaa kwenye sanduku la mafaili yake ya reli. Tukaongea dakika saba, nilikuwa na muda wa kuziangalia.

Sikumuuliza siku ile. Nilimuuliza kwenye mahafali yangu, mwaka 2012, akasema, "Mimi nilishasema redioni. Sirudii." Nilimuuliza tena nilipopata kazi gazetini. Akacheka mpaka akakohoa.

Mlinzi nilimtafuta baadaye, nikaambiwa alistaafu akarudi kwao. Albamu ya stempu ninayo. Kadi siku hizi sijui kama kuna anayezichapisha. Baba ana simu kubwa niliyomnunulia, na kila asubuhi saa kumi na mbili ananitumia picha ya maua yenye maandishi ya habari za asubuhi, ile ile aliyotumiwa na watu wengine hamsini. Sizipendi hata kidogo, na nazijibu zote.

Desemba iliyopita nilikuwa Tabora. Sikio lake la kushoto halisikii tena vizuri, kwa hiyo anaikalisha redio begani upande wa kulia, kama mtu aliyebeba ndizi. Ilikuwa jioni, tumekaa chini ya mwembe, umeme umekatika. Nikamwambia nakuwekea methali nne, wewe tikisa kichwa tu nikifika kwenye yenyewe. Nikazisema moja moja kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia. Alisikiliza zote nne mpaka mwisho kichwa kimetulia tuli.

"Wewe ungependa ipi?" akauliza.

Nikamwambia.

Alikaa kidogo, akageuza redio upande wa pili, akafungua kifuniko cha nyuma na kuzipapasa betri kwa kidole gumba. "Kesho ukienda mjini," akasema, "niletee nne. Hizi hata nikizianika haziamki."