Kujifunza Magongo Juu ya Barafu Huko Kanada

Umepata kutembea juu ya ziwa kwa miguu yako? Mtume Petro alijaribu akaanza kuzama. Lakini huko Kanada, kuanzia mwezi wa Desemba hata Machi, wazee, akina mama na watoto wadogo hukanyaga maziwa na mito wapendavyo, na hakuna anayeona ajabu. Maji yameganda. Baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na pengine 30, na barafu ile tuionayo sisi katika gilasi ya soda mjini, huko imefunika nchi.

Nilifika Ottawa, mji mkuu wa nchi hiyo, mwezi wa Januari. Usiku wa kwanza nilichungulia dirishani nikamwona mwenyeji wangu yuko nje saa tano, amevaa makoti mawili, ameshika mpira wa maji, anamwagilia ua. Nikafikiri: maskini, baridi imemharibia akili! Nani humwagilia bustani usiku, tena bustani isiyo na jani hata moja? Asubuhi nikaelewa. Ua umegeuka kuwa uwanja wa barafu, na watoto wake watatu walikwisha kuwa juu yake kabla ya chai, magongo mikononi.

Kazi ile ina ufundi wake. Kwanza theluji hushindiliwa mpaka iwe sawasawa kama sakafu. Kisha maji hunyunyizwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, usiku baada ya usiku. Mwenye haraka akimwaga mengi kwa mara moja, barafu hutoka na mapovu na nyufa, na mtoto atajikwaa. Ndivyo alivyofanya Bwana Walter Gretzky nyuma ya nyumba yake mjini Brantford, na mwanawe Wayne, aliyeanza kuteleza akiwa na miaka miwili, akaja kufunga mabao 894 katika ligi kubwa ya huko. Hesabu hiyo haikupitwa na mtu mpaka mwaka 2025, alipoipita Mrusi Alexander Ovechkin.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo, ila mpira hamna. Wanapiga kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita mbili na nusu, upana wake kama sentimita saba na nusu. Wenyewe hukiita paki. Kila upande una watu sita, mmoja wao mlinda mlango, na wote wamevaa viatu vyenye kisu cha chuma chini. Mwendo wao ni wa kutisha. Mtu hupita mbele yako kama mwewe aliyeona kifaranga. Mechi ya kwanza ndani ya jengo, yenye kanuni na hesabu ya wachezaji, ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875. Lakini watu walikuwa wakicheza nje zamani kabla ya hapo. Na watoto wa mashambani walifanyaje wasipokuwa na paki? Walichukua mavi ya farasi yaliyoganda! Kulinda miguu wakafunga magazeti manene kwenye magoti na miundi. Niliposikia hayo nikakumbuka mipira yetu ya matambara na kamba za migomba, nikajiona niko nyumbani.

Siku ya tatu watoto wale waliniambia, “Baba mgeni, leo na wewe.” Nikavishwa viatu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba viatu hivyo sharti vikubane, na kamba zikazwe hasa kwenye kifundo cha mguu. Kikilegea, mguu unalala upande na mtu anakwenda kama kaa. Nikapewa kiti cha mbao nikisukume mbele yangu. Nisicheke! Wengi wa nchi ile walianza kwa kiti, wakiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Magoti yakunjwe, kifua kiinamie mbele kidogo, macho yatazame mbali, si kwenye miguu. Wala mtu hapigi hatua kama atembeavyo barabarani. Husukuma barafu kwa upande, mguu mmoja, kisha anaacha mwingine umchukue.

Na kuanguka? Binti yao wa miaka minane ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, naye alinifundisha kuanguka kabla ya kunifundisha kusimama. Ukiona unakwenda, chuchumaa, uangukie ubavu au paja, usiangukie kisogo, na vidole vikunje visije vikakatwa na visu vya wenzio. Kuinuka ni kupiga magoti, kuweka mguu mmoja imara, mikono juu ya goti, kisha juu. Asubuhi ile nilipiga magoti mara nyingi sana. Kofia ngumu kichwani ni lazima, awe mkubwa au mdogo.

Ukijua kusimama, kuzunguka na kufunga breki, ndipo unapopewa gongo. Katika viwanja vya mtaa hakuna anayekuandikisha. Wote waliopo hutupa magongo yao katikati kwa fungu moja, mtu mmoja hufumba macho akayarusha moja huku na moja huku, na hizo ndizo timu mbili. Mzee anaweza kuangukia upande mmoja na kijana wa shule, wala hakuna refa. Watoto walioandikwa katika vyama huchezea kipande tu cha uwanja, kwa kuwa wadogo wa chini ya miaka saba wakipewa uwanja mzima wenye mita 61, mmoja tu mwenye mbio ndiye atakayegusa paki. Wasichana nao wamo, tena ligi yao ya kulipwa ilianza Januari 2024.

Akina mama mtauliza: je, hawaumizani? Huumizana. Wakubwa hugongana kwa mabega na wengine hupigana ngumi, jambo ambalo mimi sikulipenda hata kidogo. Kwa watoto walio chini ya miaka 13 kugongana kwa makusudi kumekatazwa nchini pote tangu 2013. Lakini wazee wa huko wanayo habari nyingine pia. Mwaka 1964, katika Michezo ya Olimpiki mjini Innsbruck, timu ya Kanada iliongozwa na Padre David Bauer. Walipocheza na Uswidi, mchezaji mmoja wa Uswidi alitupa gongo lake lililovunjika, likampasua Padre kipaji cha uso. Vijana wake waliruka walipize kisasi. Padre, damu ikimchuruzika, akawazuia. Kesho yake akamwalika yule aliyempiga, wakakaa pamoja kutazama mechi ya watu wengine.

Sasa kuna mambo mawili yanayomsumbua mwenyeji wangu. La kwanza ni fedha. Viatu, kofia, kinga za miguu, ada ya chama, safari za mechi: mtoto mmoja anaweza kutumia maelfu ya dola kwa mwaka, na yeye ni fundi seremala mwenye watoto watatu. “Kwa hiyo namwaga maji,” aliniambia. La pili ni joto. Barafu ya ziwa sharti iwe na unene wa sentimita 15 ndipo mtu mmoja ateleze, na 20 kwa kundi lichezalo. Siku hizi baridi huchelewa. Katikati ya Ottawa umo mfereji wa Rideau, na watu huteleza juu yake kwa kilomita karibu 8. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halijapata kutokea tangu ulipoanza kutumiwa hivyo.

Ajabu ni kwamba wakati barafu yao inapungua, kwetu imeongezeka. Hoteli moja kwenye barabara ya Mombasa, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ya mitambo mwaka 2005. Vijana wa pale wakaunda timu, Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Hawakuwa na wa kucheza naye, hata mwaka 2018 wakaalikwa Kanada, wakavaa vifaa kamili na kupata mechi. Septemba 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la mchezo huo la dunia. Watoto wa fundi wangu walinihoji sana habari za Simba hao.

Usiku wa mwisho ilinyesha mvua, ndiyo, mvua, katikati ya Januari. Uwanja ukawa dimbwi. Mwenyeji wangu alisimama dirishani akitazama kipimajoto, mpira wa maji umekunjwa mlangoni. Yule binti akamwuliza kama kesho watacheza. “Nenda ukalale,” akasema, “nitaamka saa tisa nitazame.”