Barua kutoka Maskati: Kulala Pwani Hadi Salalah

Wapendwa wa nyumbani Tanga,

Tumerudi salama kutoka Salalah. Wengi huku hushika barabara ya ndani inayokata jangwa, karibu kilomita 1,000. Sisi tulifuata ya pwani, ambayo ni ndefu zaidi, tukilala kwenye mahema, wakubwa kwa wadogo, masufuria na magunia ya mkaa yakiwa nyuma ya gari.

Agosti Maskati joto linaweza kupita nyuzi 40. Lakini ukishaipita Sur na kukata kona ya Ras al-Hadd, hali inageuka kabisa. Pepo za kusi, hizo hizo zinazowasumbua wavuvi wa Pangani, huku zinavuma sambamba na pwani na kuyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, kisha maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Al Ashkharah tulijifunika mablanketi. Kuogelea ndiyo hakuna, bahari imechafuka, mawimbi yanapiga usiku kucha.

Kwenye mchanga ule vigingi vya hema havishiki. Ami mmoja aliyekuja na wajukuu alitutazama tukihangaika, akaja na mifuko mitupu ya mchele. Unaujaza mfuko mchanga, unaufunga kwa kamba ya hema, unachimba shimo la kina cha mkono, unauzika na kukanyagia juu. Turubai lilipigapiga hadi alfajiri lakini hema halikusogea. Asubuhi mkewe akatuletea kahawa na tende.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni hili: hakuna aliyetuuliza tumeingia kwa ruhusa ya nani. Ufuo mzima ulikuwa na familia, mabibi wameketi kwenye mikeka, watoto wakifukuza kaa, na hapakuwa na ukuta wala mlinzi wa hoteli. Penye haja ya kuzuia wamezuia kweli. Ras al-Jinz, wanakotaga kasa, huruhusiwi kulala ufuoni; unaingia usiku na mwongoza wageni, bila kuwasha taa. Tulimwona kasa mmoja akifukia mayai kwa mapezi ya nyuma, polepole, akishindilia mchanga, na watoto wetu wakanyamaza bila kuambiwa. Nyumbani tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na bado kuna fukwe ambazo mtoto wa kijiji hawezi kuzipita kwa sababu ya uzio. Linaniuma sana.

Kutoka Mahout hadi Duqm ni tambarare na upepo, na ukitoka nje ya lami karibu na pwani gari linaweza kuzama kwenye ardhi ya chumvi, kwa hiyo hatukutoka. Baada ya Shuwaymiyah barabara inapanda majabali hadi Hasik, bahari iko chini kabisa ya miguu yako.

Kisha, ukiipita Mirbat, jangwa linaisha. Unyevu unaobebwa na pepo za kusi hupoa juu ya yale maji baridi, ukawa ukungu, na ukungu ukakwama kwenye milima ya Dhofar. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba hunyesha manyunyu, milima inakuwa kijani, ng'ombe na ngamia wanakula majani pamoja. Tulitandua mahema yakiwa yamelowa chapachapa. Na Salalah, jamani, ni minazi, migomba na mipapai! Kandokando ya barabara vimepangwa vibanda vya madafu. Muuzaji alilichanja dafu kwa panga, tulipomaliza maji akalipasua na kuchonga kipande cha kumbi kiwe kijiko cha kukombea nyama. Mwanangu aliyezaliwa huku alidhani ni ufundi wa Salalah. Nikamweleza kuhusu babu yake wa Muheza na madafu yake.

Desemba tunakuja, inshallah. Nataka tulale hema ufuoni Ushongo, familia nzima, na Mama asiachwe nyumbani kwa kisingizio cha miguu, tutambebea godoro. Kaka, tafadhali waone wazee wa pale mapema, utuulizie tunaweza kupiga hema wapi bila kumbughudhi mtu. Mahema nitakuja nayo. Mifuko ya mchele itafuteni huko.