Valizi ya mtoto kwenda Bruxelles

Wengi wetu tuna binti ao dada Ubelgiji, na kila akizaa tunajiuliza: tumpelekee nini?

Kule Bruxelles, karibu na Porte de Namur, kuna mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Maduka yake yanauza sombe, unga wa muhogo, mawese na vitenge. Pampasi na biberoni ziko kila mahali. Usijaze navyo valizi, kilo zinahesabiwa.

Kama mtoto alizaliwa huku, cha kwanza ni fishi yake ya chanjo. Kwetu anapata BCG akizaliwa. Kule haitolewi kwa watoto wote. Chanjo ya polio ndiyo sheria yao inailazimisha. Bila fishi, muganga hajui mtoto alipata nini. Ibebe mkononi, kopi ibaki nyumbani.

Cha pili, vitenge viwili vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi. Kilicholainika kinamshika mtoto mgongoni, kipya kinateleza.

Cha tatu, unga wa uji wa mtama, mahindi na soya, uliokauka na kufungwa vizuri, kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Nyama na fromaji ya Masisi, hata kama mzazi anazitamani, ziache: duane ya Ulaya inazikamata.

Kabla ya kununua, muulize mzazi mwenyewe anakosa nini. Pengine atajibu: mtu wa kunishikia mtoto nilale. Huyo haingii katika valizi, lakini umpigie simu kila jioni.