Nywele zetu si msasa!

Leo tuongee habari za nywele, maana huku kwetu Newala na Masasi fedha za korosho zikishaingia, saluni hazilali. Mwanamke akipata chake atalipa madeni kwanza, kisha kichwa! Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na maneno.

Kiingereza cha nywele tumekipokea siku nyingi tukakifanya chetu. Wigi tunavaa, draya tunakalia, panki vijana walinyoa, na ile "curly kit" iliyowatia wazimu mama zetu tukaiita kalikiti, mafuta yakidondoka hadi kwenye kola. Hayo ni majina ya vitu tu. Taabu inaanza pale Kiingereza kinapozieleza nywele zenyewe.

Likizo iliyopita binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alikuja kwangu Masasi. Shuleni kwao wanaruhusiwa kusuka, basi nikampeleka saluni akasukwe twende kilioni, mtindo rahisi usio na gharama. Msusi akashika kichwa cha mtoto, akaguna: "Mh! Huyu nywele zake 'kinky' kabisa, bila dawa ya 'super' chanuo litavunjika." Wateja wakacheka. Mtoto akainamisha uso. Tangu siku hiyo ni "mama mdogo niwekee dawa", na kitambaa hakimtoki kichwani hata akiwa jikoni.

Hebu tuyachambue maneno hayo. "Coarse" ni neno la msasa, la chumvi ya mawe na la mtu asiye na adabu. "Kinky" asili yake ni pindo la kamba iliyojisokota, na Waingereza haohao humwita hivyo mtu mwenye mambo yake ya ajabu chumbani. Eti ndilo la kumwambia mtoto! Nywele za Kizungu zenyewe ni "silky", yaani hariri. Mwaka 1997 Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, alitoa kitabu kilichozipanga nywele kwa namba: 1 zilizonyooka, 4 ndizo zetu. Leo wasichana wanatajiana 4C kama namba ya gari.

Ni kweli hata Kiswahili kina singa na kipilipili, na kipilipili si sifa kila siku. Lakini angalau kinaeleza umbo, hakitukani.

Na hiyo "super" ya kwenye kopo ni ukali wa dawa, jamani. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Ndiyo maana ngozi inaungua!

Nilimkumbusha mtoto kuwa mafundi wa Kimakonde waliochonga mapiko, vile vinyago vya ngoma za jando, walivibandika nywele halisi za watu. Hawakuagiza singa ng'ambo. Alinisikiliza kimya. Dawa sijamwekea, nimemnunulia mafuta ya nazi na chanuo la meno mapana, maana nywele hizi zikilowa na kupata mafuta zinachanika vizuri tu.

Nanyi wasusi, mtoto akikaa kitini mwambieni nywele zake zimejaa, na zinashika msuko bila kuteleza. Huo ndio ukweli, na ndio unaowapa ninyi ugali. Chanuo likivunjika, dukani yapo mengine. Kazi kwenu!