Tezi Dume kwa Kiswahili

Baba yangu ana magonjwa mawili. Wa kwanza kila mtu anauona. Mkono wake wa kulia hutetemeka akiwa amekaa tu, hatua zake zimekuwa fupi, na uso wake hautabasamu hata siku anayofurahi. Huo unaitwa Parkinson. Wa pili hauonekani, na lau angeachiwa hiari yake, usingetajwa nyumbani kwetu hata siku moja. Ni saratani ya tezi dume.

Kwetu ni Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Baba aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka ishirini na sita, na Kiswahili chake alikipata barabarani, kwenye mizani, gereji na mikahawa. Mkono ulipoanza kutetemeka, majirani hawakukosa maelezo. Wengine walisema ni pombe, ingawa baba hanywi. Wengine walisema amerogwa na madereva wenzake. Daktari alitueleza kwamba chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayousaidia mwili kutembea na kugeuka bila kufikiri, zinakufa kidogo kidogo. Jina la ugonjwa linatokana na James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817. Baba hakuvutiwa na huyo. Aliyemvutia ni Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974 na kutangaza miaka kumi baadaye kwamba ameupata. “Kama ulimshika yule,” baba alisema, “mimi dereva nitauzuia na nini?”

Saratani ilikuja baadaye, na ilikuja imejificha nyuma ya Parkinson. Baba alikuwa akiamka mara nne, tano usiku kwenda msalani. Parkinson peke yake inaweza kusumbua kibofu cha mkojo, kwa hiyo haikuwa rahisi kujua nani mkosaji. Daktari aliagiza kipimo cha damu cha PSA, halafu akachukua kipande cha nyama ya tezi kwenda kupimwa. Majibu yakatoka.

Hapo ndipo mimi naingia. Kaka yangu anafanya kazi Sudan Kusini, mama anaangalia shamba, na mimi nasoma Makerere. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago, kilima kinachotazamana na chuo chetu. Unashuka Wandegeya, unapanda, umefika. Basi baba alihamia kwa shangazi, Kampala, na mimi nikawa wa kumpeleka.

Shida ilikuwa lugha. Mimi ni binti. Kwa Kitooro, binti hazungumzi na baba yake juu ya mambo yaliyo chini ya kitovu. Maneno yapo, lakini yakitamkwa mbele yangu ni matusi. Baba alikuwa akimjibu daktari “niko sawa” huku akitazama ukuta, na mimi nikitazama sakafu. Siku moja tukingoja nje kwenye benchi, aliniita kwa empaako yangu, jina la heshima ambalo kila Mtooro anapewa. “Abwoli,” akasema, kisha akaendelea kwa Kiswahili, “hiyo tezi dume, wanataka kuifanya nini?”

Darasani tumejadili mara nyingi kama Kiswahili kina nafasi Uganda, na wengi wetu tumekua tukisikia kwamba ni lugha ya askari na wezi. Sijawahi kusikia mtu akitoa hoja hii: kwamba kwa sababu si lugha ya mama ya yeyote kati yetu wawili, haikuwa na aibu ndani yake. Kwa Kiswahili niliweza kumwambia baba neno korodani. Niliweza kumweleza kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba kuna njia mbili za kuikata: kuondoa korodani kwa upasuaji mara moja, au kuchoma sindano chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28. Alinyamaza muda mrefu. Akachagua sindano. Pamoja nayo akapangiwa mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa.

Nilichojifunza ni kwamba magonjwa haya hayapishani njiani. Mionzi inataka mgonjwa alale bila kutikisika, na mkono wa Parkinson hutikisika hasa ukiwa umepumzika. Tukawa tunapanga kidonge cha levodopa kifanye kazi saa ile ile anapoingia chumbani. Kidonge nacho kina masharti yake: protini hugombana nacho tumboni, kwa hiyo kinamezwa kama nusu saa kabla ya chakula. Baba anapenda firinda, maharagwe yaliyomenywa na kupondwa, hata asubuhi. Firinda ikahamishiwa jioni, na hilo lilimuumiza kuliko sindano, nadhani.

Kisha sindano yenyewe. Inaleta joto la ghafla, jasho, na uchovu. Inapunguza misuli na kudhoofisha mifupa. Kwa mtu mwingine hayo ni mambo ya kuvumilia. Kwa mtu ambaye miguu yake hugoma katikati ya mlango, mfupa dhaifu ni hatari kubwa. Shangazi aliondoa mikeka yote sakafuni na kuweka ndoo karibu na kitanda ili asitembee gizani.

Kilichotutisha zaidi hakikutokana na saratani. Baba aliporudi kijijini alipata malaria, akatapika, na katika kliniki moja ndogo akachomwa sindano ya metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Ni dawa ya kawaida, ila inazuia dopamini, ile ile ambayo baba anaitafuta kwa vidonge. Kesho yake alikuwa mkavu kama ubao, hawezi kumeza mate. Ilichukua siku kadhaa kulegea. Sasa mfukoni mwake kuna kadi niliyoiandika kwa Kiingereza na Kiswahili: ana Parkinson, anatumia dawa hizi, kwa saa hizi, asipewe metoklopramidi wala haloperidoli. Daktari wa saratani na daktari wa mishipa ya fahamu hawajawahi kukutana. Wanakutana kwenye ile kadi.

PSA imeshuka sana. Parkinson haishuki. Inayopungua sasa ni sauti yake. Anaongea kama mtu aliye chumba cha pili. Tulishauriwa afanye zoezi la kusema kwa nguvu kila siku. Hakutaka kusoma gazeti. Alichokubali ni kutaja vituo vya barabara yake, nami nikimsikiliza kwa simu kutoka hosteli: Mombasa, Mazeras, Mariakani, Voi, Mtito Andei. Nikimwambia sisikii, anarudi Mombasa na kuanza upya, kwa hasira. Juzi alifika Makindu kabla sauti haijakatika.