Bel-Air yetu: ni nani anakaa hapa?



Pengine unasoma gazeti hili kule Kolwezi, Kipushi ama Kambove, na hujafika Bel-Air hata siku moja. Basi njoo nikutembeze. Ukitoka katikati ya mji wa Lubumbashi, unavuka reli kuelekea mashariki, unapita viwanda na madepo ya kartie Industriel, na kisha unaingia kwetu. Tuko katika komini ya Kampemba. Serikali imetugawanya mara mbili, Bel-Air ya kwanza na Bel-Air ya pili, lakini sisi wenyewe tunasema Bel-Air tu. Mpaka uko wapi, hilo unaliuliza siku ile unatafuta karatasi kwa chef wa kartie.

Jina ni la Kifaransa, maana yake hewa nzuri. Tena katika komini hiyohiyo ya Kampemba kuna kartie ingine yenye kuitwa Hewa Bora. Komini moja, hewa nzuri mara mbili, na vumbi bado tunalimeza! Vijana wanacheka sana juu ya jina hili. Wanajua Bel Air ya televizyo, ule mchezo wa Wamarekani wa miaka 1990 mpaka 1996, wenye kijana maskini anayekwenda kukaa kwa mjomba wake tajiri. Bel Air ile ni kweli iko, juu ya vilima vya Los Angeles. Bwana mmoja Alphonzo Bell, aliyetajirika kwa petroli iliyopatikana katika shamba la baba yake, alianza kuuza parseli zake kule mwaka 1923. Kule ukitaka kujua nani anakaa, unauliza bei ya nyumba. Huku kwetu unauliza mtu, na mtu atakueleza mpaka nkambo yake.

Tuko juu, karibu metre 1,200 toka bahari. Ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inauma, na wamama wanauza maandazi wakiwa wamejifunika vitambaa viwili. Mvua inaanza mwezi wa kumi ama wa kumi na moja, inaendelea mpaka kwenye mwezi wa nne. Kabla ya mvua udongo ni mwekundu unaoruka. Baada ya mvua ni mwekundu unaoshika viatu. Zamani pori la miombo lilikuwa karibu na mji, lakini makala yamelimaliza. Leo gunia la makala linatoka mbali, juu ya kinga, na anayelisukuma ni mtu wa kuhurumiwa.

Nipende nisipende, lazima niseme juu ya vichuguu. Mgeni akifika Lubumbashi anashangaa kuona vilima vya udongo vyenye kupita urefu wa nyumba, vimejengwa na wadudu wadogo. Udongo wake unashikana vizuri, na matofali mengi ya kuchoma ya nyumba zetu yanatoka mule. Kwa hiyo mimi ninayeandika, nimekaa ndani ya kazi ya mchwa. Mama mmoja wa kanisa aliniambia siku moja, "Pasta, mchwa njo wenye nyumba, shiye tuko balokatere."

Sasa tuje kwa watu wenyewe, maana ndiyo nilichotaka kuandika toka mwanzo.

Wenye ardhi hii tangu zamani ni Balamba, na hao mara nyingi hawaulizwi kitu. Mji ulianza 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli ilipofika toka Rhodesia, na shaba ya kwanza iliyeyushwa 1911. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuwa na madini lakini haikuwa na mikono ya kutosha. Ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Kisha ikatafuta Lomami, Kasai, mpaka Ruanda-Urundi. Karibu na mwaka 1928 ikaacha desturi ya kuleta vijana wa miezi michache na kuwarudisha. Ikataka mtu akuje na bibi yake, azae watoto kambini, watoto wasome, nao waingie kazini. Mwaka huohuo wa 1928 reli ya BCK ikafika mpaka Port-Francqui, leo Ilebo. Toka siku hiyo Kasai ikawa jirani. Hata Kiswahili tunachosema ni mgeni: kilifika na wafanyabiashara wa mashariki, na wengi wa nkambo zetu walijifunza wakiwa watu wazima, kazini.

Kwa hiyo tembea avenu yangu tu. Nyumba ya kona ni Mubemba. Anayefuata ni Musanga, baba yake alikuwa wa Jekamini. Halafu Muluba wa Kasai, Mutshokwe, Muhemba, Musonge. Jioni wote wanakula bukari na sombe, na watoto wao wakigombana, wanagombana kwa lugha moja. Parseli zilizokuwa za familia moja leo zinabeba nyumba tatu ama ine, kwa sababu mshahara wa Jekamini ulipokatika, kodi ya nyumba ndogo nyuma ya kubwa ikawa ndiyo mshahara. Unakumbuka mwenyewe: kampani ile ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ikaanguka vibaya sana kufika 1993, na baada ya miaka kumi wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa "kutoka kwa kupenda." Nani alipenda?

Mimi sikuzaliwa Bel-Air. Nilizaliwa Likasi, baba akiwa kazini Shituru. Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa darasa la sita. Msomaji wa Likasi na wa Kolwezi hana haja nimweleze. Mwaka ule na ule uliofuata, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na wengi walilala stesheni juma kwa juma wakingoja treni. Wengine, wazee na watoto, walifia palepale ama njiani. Jirani yetu wa ukuta alikuwa mmoja wao. Mama yule alimpa mama yangu beseni la bati jeupe lenye maua, akasema, "Niwekee, nitalikamata." Mtoto wake tulikuwa tunakaa benchi moja shuleni. Baba yangu alikuwa mtu mzuri, alikuwa anaomba asubuhi na jioni. Siku ile alifunga mlango, akatuambia tusitoke. Sijasikia tena habari zao. Mama alikufa, na beseni niko nalo hapa Bel-Air.

Ninaeleza hayo kwa sababu ya jambo la sasa. Miaka hii watu wanakuja tena toka Kasai, wengi, kwa treni na juu ya malori. Utawaona stesheni na mizigo yao. Vijana wao wengi wanaendesha pikipiki, na mji mzima unamwita mwendesha pikipiki "manseba." Manseba katika Kiluba cha Kasai ni mjomba. Tunamwita mtu mjomba, tunabishana naye bei, na tukishuka tunauliza, "Bale banatoka wapi?"

Tusiwaseme vibaya wanaolalamika. Kodi imepanda, maji ya visima hayatoshi mwisho wa wakati wa jua, na kijana wa hapa mwenye diploma anakaa miaka bila kazi. Ni kweli tupu. Mwaka jana familia moja, baba, mama na watoto wane, ilifika kanisani kwetu usiku wa mvua. Tuliwaweka katika chumba tunamofundishia watoto siku ya Mungu. Juma lilelile wazee watatu wa avenu walikuja kwangu, watu ninaowaheshimu. Mmoja akasema, "Pasta, ukiingiza mumoja, banakuya kumi. Shiye tutaikala wapi?" Nilitaka kujibu kwa Maandiko, maana ndiyo kazi niliyosomea. Neno halikutoka. Nilimwona baba yangu amesimama karibu na mlango.

Niliwaleta ndani, nikawaonyesha beseni, nikawaeleza. Mmoja alitoka bila kuaga. Wa pili alinyamaza. Wa tatu, kumbe, alikuwa Kolwezi mwaka 1993, kijana mkubwa. Akaniambia mambo aliyoyafanya kule, ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alilia. Kisha akauliza kama wale watoto wako na mablanketi.

Baraza la kanisa lilipiga kura. Tulishinda kwa sauti moja tu, na familia mbili zimehamia kanisa lingine. Ninapita mbele ya mlango wao kila asubuhi na tunasalimiana. Yule baba amepata pikipiki ya kukodi. Wamehamia nyumba ndogo nyuma ya parseli ya Muhemba, na wanalipa kodi wakichelewa, sawa na sisi wote. Bibi yake aliona beseni kabatini, akauliza kwa nini hatulitumikishi. Nikamwambia lina mwenyewe.

Kama wewe msomaji ulikuwa Likasi mwaka 1992, karibu na Shituru, na unamjua mama aliyeacha beseni la maua kwa jirani, niandikie kupitia gazeti hili. Bado liko zima, limebanduka rangi kidogo upande wa chini.